Kinondoni 2015–2018: mbunge yuleyule, vyama viwili, na wapiga kura waliobaki nyumbani

Kwa nini kisa hiki

Jimbo la Kinondoni, Dar es Salaam, lilimchagua mtu mmoja mara mbili katika kipindi kisichofika miaka miwili na nusu. Oktoba 2015 alishinda kwa tiketi ya CUF, akiwa mgombea wa pamoja wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani. Februari 2018 akashinda tena, safari hii kwa tiketi ya CCM, chama tawala, alichokuwa amekibwaga. Vijiweni kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili: kwa wengine ni usaliti, kwa wengine ni mtu aliyeamua kufanya kazi na serikali. Simulizi zote mbili zinamwangalia mbunge. Mimi naona somo liko kwa wapiga kura, na hasa kwa wale ambao mara ya pili hawakutokea.

Majina ya wagombea na ya watu wa kawaida waliohusika nimeyaacha. Ya wagombea si siri, kila mkazi wa mjini anayajua. Tatizo ni kwamba ukishalitaja jina tu, mjadala wote unahamia kwenye tabia ya mwenye jina, na mfumo unapona bila kuulizwa lolote.

Usuli

Kinondoni ina kata kumi. Kijitonyama na Makumbusho kuna ofisi, hoteli na nyumba zenye geti. Tandale, Mwananyamala, Kigogo, Mzimuni na Ndugumbi ni uswahilini hasa, nyumba moja ina wapangaji vyumba sita na mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele. Katikati kuna Magomeni, Hananasif na Kinondoni yenyewe. Sehemu kubwa ya wakazi ni wapangaji, na mpangaji wa Dar huhama kodi inapopanda. Jambo hili tutalirudia, kwa sababu daftari la wapiga kura halihami naye.

Jiji hili lina historia ya chaguzi zenye purukushani. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, mwaka 1995, ulifutwa katika majimbo yote ya Dar es Salaam kutokana na vurugu za maandalizi, ukarudiwa Novemba 19. Mwaka uliofuata ulifanyika uchaguzi mdogo Temeke, na Augustine Mrema, wakati huo NCCR-Mageuzi, akakinyakua kiti. Kwa hiyo uchaguzi mdogo wenye msisimko si jambo geni mjini hapa.

Kinondoni kwa miaka kumi, kuanzia 2005, ilikuwa na mbunge mmoja wa CCM. Mwaka 2015 upepo ukageuka. CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD walikuwa wameungana kwa jina la UKAWA, wakakubaliana kuachiana majimbo ili wasigawane kura. Kinondoni ikaangukia kwa CUF, chama kilichokuwa na mizizi ya siku nyingi katika mitaa ya uswahilini. Wanachama wa CHADEMA wa Kijitonyama waliombwa wampigie mgombea wa CUF, na wengi wakafanya hivyo, kwa sababu juu kabisa kulikuwa na mgombea urais mmoja wa UKAWA, Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyekuwa ametoka CCM.

Siku ya kura, Oktoba 25, mgombea wa UKAWA alipata zaidi ya kura 70,000. Mbunge aliyekuwa akitetea kiti alipata karibu 66,000. Ushindi mwembamba, lakini ushindi. Katika majimbo kumi ya Dar es Salaam, upinzani ulitwaa sita: Kinondoni, Ubungo, Kibamba, Kawe, Ukonga na Temeke.

Matukio yalivyofuatana

Mbunge mpya hakupewa hata miezi miwili ya kupumua. Desemba 2015 matingatinga yalishuka bonde la Mkwajuni, Hananasif, kubomoa nyumba zilizojengwa kwenye mkondo wa maji. Picha za siku zile walioziona hawajazisahau: familia zimekaa juu ya magodoro pembeni ya vifusi, mabati yamepangwa kando, watoto wamevaa sare za shule. Mbunge akasimama upande wa wakazi, shauri likafikishwa Mahakama Kuu, Kitengo cha Ardhi, na zuio la muda likapatikana kwa waliofungua shauri. Huo ndio mtaji wake wa kisiasa ulivyokuwa: mtu wa mtaa anayebishana na serikali kwa niaba ya mtaa.

Wakati huohuo chama chake kilikuwa kinameguka. Profesa Ibrahim Lipumba alikuwa amejiuzulu uenyekiti wa CUF Agosti 2015 kwa kupinga ujio wa Lowassa. Mwaka 2016 akataka kurudi kwenye kiti chake, upande wa Katibu Mkuu Maalim Seif Sharif Hamad ukakataa, na Septemba Msajili wa Vyama vya Siasa akamtambua Lipumba. Kuanzia hapo CUF ikawa na pande mbili, kesi mahakamani, na wanachama wasiojua maelekezo ya nani ndiyo halali. Mbunge wa jimbo la mjini alikuwa na chama kwenye karatasi, ila hakuwa na mgongo wa kuegemea.

Desemba 2017 alitangaza kujiuzulu uanachama wa CUF na ubunge, na kujiunga na CCM. Sababu aliyotoa ilikuwa ile ambayo miezi iliyofuata ilizoeleka hadi ikageuka utani wa kwenye daladala: kuunga mkono juhudi za Rais, ambaye wakati huo alikuwa John Magufuli. Mwezi huohuo mbunge wa CHADEMA wa Siha, Kilimanjaro, alifanya vilevile.

Uchaguzi mdogo wa majimbo hayo mawili ukapangwa Februari 17, 2018. CCM haikupitisha fomu za kura za maoni, yaani mchujo wa ndani ya chama: waliohama walipitishwa moja kwa moja kuwa wagombea wa viti walivyoviacha. CHADEMA, ambayo mwezi mmoja kabla ilikuwa imesusia chaguzi ndogo za Januari, ukiwamo wa Singida Kaskazini, safari hii iliamua kuingia. CUF ya Profesa Lipumba nayo ikasimamisha mtu wake.

Kampeni zilianza kwa kawaida zikaishia pabaya. Siku chache kabla ya kura, katibu wa CHADEMA wa kata ya Hananasif alikutwa ameuawa. Ijumaa ya Februari 16, siku ya mwisho ya kampeni, CHADEMA ilikuwa ikilalamika kwamba mawakala wake walikuwa hawajapewa barua za utambulisho, na bila barua wakala haruhusiwi kuingia kituoni. Kutoka mkutano wa kufunga kampeni viwanja vya Buibui, Mwananyamala, viongozi na wafuasi waliondoka kwa miguu kwenda kwa msimamizi wa uchaguzi. Walipofika Barabara ya Kawawa, eneo la Mkwajuni, polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi na risasi. Risasi moja ilimpata mwanafunzi wa chuo aliyekuwa abiria ndani ya daladala, akafa. Hakuwa kwenye maandamano wala hakuwa mgombea wa chochote.

Kesho yake, saa 1 asubuhi, vituo vilifunguliwa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ni wa mbunge mwenyewe, na hapo lazima tuisome Katiba. Ibara ya 67 inataka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Ibara ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa, kiti kinakuwa wazi. Mgombea binafsi hayupo. Mchungaji Christopher Mtikila alipigania jambo hilo mahakamani kwa miaka. Mahakama ya Rufani ikalikataa mwaka 2010, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha ikampa haki mwaka 2013, lakini Katiba haikubadilishwa. Kwa mbunge ambaye chama chake kimegawanyika, maana yake ni kwamba njia ya kubaki bungeni bila chama imezibwa. Anaweza kuvumilia ndani ya nyumba inayowaka, au kuondoka na kuomba kurudi kupitia mlango wa chama kingine. Sisemi hii ndiyo sababu iliyomwondoa; yeye alitaja nyingine. Nasema kanuni ilimwachia milango miwili tu, na mmoja ulikuwa umefunguliwa kwa upana.

Uamuzi wa pili ni wa CCM kuruka kura za maoni. Kwa hesabu ya chama ulikuwa na mantiki: anayehama anahitaji uhakika, na anayefikiria kuhama jimbo jingine anatazama kama wa kwanza alitunzwa. Gharama ililipwa chini. Makada waliozunguka Tandale na Kigogo mwaka 2015 wakimnadi mgombea wao dhidi ya mtu huyu, sasa walitakiwa wazunguke mitaa ileile wakimnadi yeye. Na waliokuwa wakijiandaa kuchukua fomu 2020 waliona mlango umefungwa mbele yao bila hata kupigiwa kura.

Uamuzi wa tatu ni wa CHADEMA kuingia uwanjani na kumteua kiongozi wa taifa, naibu katibu mkuu wa chama kwa upande wa Zanzibar. Naelewa walichokitafuta: sura inayojulikana, msemaji mzuri, mtu ambaye viongozi wote wakubwa wangekuja kumpigia kampeni, na kweli walikuja. Lakini kura iliyoshinda Kinondoni 2015 ilikuwa imejengwa na mtu wa mitaa hiyohiyo. Kumpeleka mgeni wa jimbo mahali ambapo mpinzani wake alisimama mbele ya tingatinga kulihitaji maelezo ambayo wiki chache za kampeni hazikutosha kuyatoa.

Uamuzi wa nne, wa kuandamana Ijumaa jioni, umejadiliwa mno mahakamani, kwa hiyo nautaja kwa kifupi. Sababu ilikuwa ya kweli kwa kila anayejua kazi ya wakala. Wakala ndiye anayehesabu pamoja na msimamizi wa kituo, ndiye anayesaini fomu namba 21B ya matokeo ya ubunge na kuondoka na nakala. Chama kisicho na nakala hizo hakina cha kulinganisha na jumla inayotangazwa usiku. Zikiwa zimebaki kama saa kumi na mbili vituo vifunguliwe, hata hivyo, barabara ilikuwa chombo dhaifu cha kudai barua.

Matokeo

Waliojiandikisha walikuwa 264,055. Waliopiga kura walikuwa 45,454. Mgombea wa CCM alipata 30,247, wa CHADEMA 12,353. Zilizobaki waligawana wagombea wa vyama vingine pamoja na kura zilizoharibika. CHADEMA iliyakataa matokeo. Siha pia ilikwenda CCM, kwa mbunge yuleyule aliyekuwa amejiuzulu.

Baada ya hapo mkondo wa sheria ukaelekea upande mmoja. Jalada la kifo cha mwanafunzi lilifungwa na Mkurugenzi wa Mashtaka bila mtu kufikishwa kizimbani. Viongozi tisa wa CHADEMA, akiwamo mwenyekiti Freeman Mbowe, walishtakiwa kwa matukio ya siku ile. Machi 2020 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani na kuwatoza faini zilizofika shilingi milioni 350 kwa jumla. Juni 2021 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu hiyo na kuamuru fedha zirudishwe.

Uchambuzi: hesabu kwanza

Chukua kituo chenye majina 450 ukutani. Kwa wastani wa jimbo, Jumamosi ile kilipokea watu kama 77 kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 10 jioni, yaani wanane au tisa kwa saa. Msimamizi na makarani wake walikuwa na muda mrefu wa kuangaliana. Ni asilimia 17 ya daftari. Mwaka 2015 wagombea wawili wakuu peke yao walikuwa wamepata zaidi ya kura 136,000.

Sasa linganisha. Mshindi wa 2018 alipata chini ya nusu ya kura alizopata mwenyewe 2015. Alipata pia chini ya nusu ya kura za mtu aliyeshindwa naye 2015. Maana yake ni nini? Kwamba hakuhama na wapiga kura wake, na CCM nayo haikuwatoa wake wote nje. Kama wafuasi wa UKAWA waliompa kiti wangemfuata hata robo yao, na wana CCM wa 2015 wakabaki imara, angepata zaidi ya 80,000. Hakufika popote karibu na hapo.

Upande wa upinzani anguko ni kubwa zaidi: kutoka zaidi ya 70,000 hadi 12,353. Kuna hesabu moja ambayo wanachama wa upinzani hawapendi kuisikia. Kura 30,247 hazikuwa mlima. Ni wastani wa elfu tatu na kidogo kwa kila kata. Upinzani ungewatoa nyumbani chini ya nusu ya watu waliowapigia 2015, ungeshinda. Nasema hivyo bila kupuuza risasi, barua za mawakala wala msiba wa Hananasif. Mtu aliyesikia Ijumaa usiku kwamba abiria wa daladala ameuawa Mkwajuni ana haki ya kumwambia mwanawe abaki ndani Jumamosi. Ila hofu haielezi yote, kwa sababu wa CCM nao walipungua kwa zaidi ya nusu, na wao hawakuwa na cha kumwogopa polisi.

Yapo mambo mawili ambayo hayapewi uzito unaostahili.

La kwanza ni daftari. Lililotumika 2018 ni lile la 2015; uboreshaji ulianza Julai 2019. Katika jimbo la wapangaji hiyo ni zaidi ya miaka miwili ya watu kuhamia Mbagala, Goba na Chanika huku majina yao yakiwa yamebaki Tandale. Bonde la Mkwajuni lilibomolewa wiki chache tu baada ya uchaguzi, na waliotawanyika kule walikuwa wamejiandikisha kwao. Waliokuwa wapangaji wa Magomeni Kota walikuwa wameondolewa tangu miaka ya mwanzo ya 2010 kupisha ujenzi, na maghorofa mapya yalizinduliwa Machi 2022. Kwenye uchaguzi mkuu mtu atapanda daladala mbili kurudi kwenye kituo chake, kwa kuwa kuna Rais wa kuchagua. Kwa uchaguzi mdogo ambao jina la mbele ni lile alilokwisha kulichagua, kwa chama alichokwisha kukikataa, atafua nguo zake.

La pili ni UKAWA yenyewe. Makubaliano yalikuwa ya kuachiana majimbo siku ya uchaguzi mkuu. Kiti kikiwa wazi katikati ya muhula ni cha nani: cha CUF iliyopewa, au cha muungano uliokileta? Kinondoni swali hilo lilijibiwa kwa vitendo, na majibu yakawa mawili kwenye karatasi moja ya kura. Mpiga kura wa Mzimuni aliyekuwa CUF tangu enzi za bendera za buluu alimkuta mgombea wa CUF ambaye huenda upande wa CUF aliouunga mkono yeye mpiga kura haumtambui, na mgombea wa CHADEMA, chama ambacho hakikuwa cha mpiga kura huyo. Wengi walichagua kutokwenda.

Kilichofanya kazi, na kwa nani

Kwa CCM, mashina yalifanya kazi. Balozi wa nyumba kumi anajua nani ana kadi, nani anaumwa, nani asafirishwe kwa bodaboda. Katika uchaguzi wa watu 136,000 mtandao huo ni msaada. Katika uchaguzi wa watu 45,000 ndio uchaguzi wenyewe. Upinzani mjini hujengwa kwa mikutano ya hadhara, na mikutano hiyo tangu katikati ya 2016 ilikuwa imezuiwa nje ya kampeni, isipokuwa mbunge ndani ya jimbo lake. Mbunge alipohama, alihama na ruhusa ya mkutano.

Kilichoshindwa kwa CCM kilionekana polepole. Mwaka 2020 chama kilisimamisha mtu mwingine Kinondoni. Aliyehama alikuwa amekitumikia kiti kwa tiketi ya pili kwa miaka miwili na miezi. Watu waliodhani kuhama ni bima ya kudumu walipaswa kuliangalia hilo kwa makini.

Upande wa usimamizi, msimamizi wa uchaguzi Kinondoni alikuwa mkurugenzi wa manispaa, mteule wa Rais, kama ilivyokuwa majimbo yote. Kesi iliyopinga utaratibu huo ilishinda Mahakama Kuu Mei 2019, ikapinduliwa na Mahakama ya Rufani Oktoba mwaka huohuo. Hata kama kila mkurugenzi angekuwa malaika, barua ya wakala inayosubiriwa hadi usiku wa kuamkia kura inatosha kuua imani ya upande mmoja, na barua ni kitu kinachoweza kutolewa wiki nzima kabla.

Baada ya Kinondoni

Njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Julai 2018 mbunge wa CHADEMA wa Ukonga alihamia CCM, akarudi bungeni baada ya uchaguzi mdogo wa Septemba. Novemba alihama wa CUF wa Temeke, naye hakuhitaji hata siku ya kura: alipita bila kupingwa. Kufikia mwisho wa mwaka huo, viti vitatu kati ya sita vya upinzani Dar es Salaam vilikuwa vimebadili chama bila uchaguzi mkuu, na 2020 vyote kumi vikawa vya CCM.

Sheria za uchaguzi za 2024 zilileta jina la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na zikaondoa kupita bila kupingwa: mgombea aliyebaki peke yake sasa hupigiwa kura ya ndiyo au hapana. Kwa Temeke ya 2018 kanuni hiyo ingebadilisha kitu. Kwa Kinondoni isingebadilisha, kwa kuwa pale karatasi ilikuwa na majina ya kutosha. Ibara ya 67 na ya 71 ni za Katiba, na hazikuguswa.